Kijiji Kilichofungiwa Sandukuni

Mdogo wangu alikufa mwezi wa tisa, wakati joto la Nchelenge, huku Zambia, limekolea na chisense, wale samaki wadogo tunaoanika mchangani, wanakauka kabla hujamaliza kuwatandaza. Alikuwa fundi wa simu katika soko la Kashikishi. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikusanya vitu vyake vyote mbele ya mjane wake na binti yake, nikavipanga ndani ya sanduku la bati, nikalitia kufuli na kulipeleka nyumbani kwangu. Ufunguo niliufunga kwenye pindo la kitenge. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Nikikumbuka nilivyotembea siku ile, kichwa juu kama askari wa gwaride, naona aibu.

Kwetu sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Pweto, ndivyo inavyofanywa. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yamalizike, na matanga hayamaliziki mpaka ndugu wa upande wa baba wafike. Dada mkubwa ndiye anayeshika sanduku. Siku hizi wengi hawajali, wanagawana mashati hata kabla udongo wa kaburi haujakauka. Mimi nilijali, na nilikuwa na sababu. Baba yetu alipofariki, mama akiwa bado amekaa mkekani, ndugu zake baba waliingia ndani wakabeba baiskeli, redio, na mwisho wakataka hata sufuria iliyokuwa mekoni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimwona mama akimimina uji wetu kwenye beseni na kuisuuza ile sufuria, ili awakabidhi ikiwa safi. Siku ile niliapa kwamba katika ukoo huu hakuna mjane wala yatima atakayefanyiwa hivyo tena mbele ya macho yangu.

Ndani ya sanduku kulikuwa na simu yake, kompyuta yake, vyuma vyake vya ufundi, viatu na nguo. Kwa macho yangu kompyuta ilikuwa kitu cha thamani, kwa hiyo kitu cha kulindwa na wezi. Sikujua kwamba katika vyote vile, ndicho kitu pekee kilichoweza kuoza.

Mdogo wangu alikuwa na gemu. Ndiyo, mwanamume mwenye mke na mtoto, mwenye mvi mbili tatu kidevuni, alikuwa na gemu ya kompyuta, na aliinunua kwa pesa zake halali kwa kumtuma mtu Lusaka. Katika gemu ile unapewa ardhi tupu, unajenga. Hakuna vita wala kukimbizana. Unachagua udongo, unachagua miti, unaweka ukuta tofali baada ya tofali. Wengine duniani walijenga majumba ya kifalme na viwanja vya mpira. Yeye alijenga kijiji chetu.

Tulivuka ziwa tukikimbia vita, mimi nikiwa na miaka kumi na minne, yeye minne, nimembeba mgongoni. Alikulia kambini Kala, akasoma kwa Kibemba na Kiingereza, akawa mtu wa huku kabisa. Hakukumbuka kitu cha nyumbani isipokuwa moshi, na hata moshi huo mimi nadhani aliusikia katika masimulizi yetu. Kijiji chenyewe kilichomwa, na hakina picha hata moja. Hakuna aliyekimbia na albamu kwapani.

Basi alianza kuulizia. Alinipigia simu nikiwa sokoni, mikono imejaa magamba ya samaki, kuniuliza kama madirisha ya nyumba yetu yalikuwa mawili au matatu. Nilimjibu kwa haraka, au nilimwambia apige baadaye. Akaenda kwa wazee wa kijiji chetu waliokuja kukimbia miaka ya baadaye, wakapewa mashamba kule Mantapala. Hao ndio waliompa kila kitu. Jumapili walikuwa wakija kwenye kibanda chake baada ya misa, vikongwe watano sita, wamebanana kwenye benchi mbele ya kioo, wakibishana kanisa lilitazama wapi na njia ya mtoni ilikata kwa nani. Yeye alibomoa na kujenga upya papo hapo. Hakuandika popote. Daftari lake lilikuwa ile gemu.

Binti yake alikuwa pale siku zote, tangu akiwa mtoto wa shule hadi alipoanza kazi yake ya kusuka nywele katika kibanda cha jirani. Alizaliwa Zambia. Alikijua kijiji kile kuliko anavyoijua Kafutuma alikozaliwa mama yake.

Mimi nilikwenda kukiona mara moja tu. Aliniita kama tunavyomwita dada mkubwa, "Yaya, njoo uone kwetu," akanikalisha kwenye kigoda chake na kunionyesha vitufe vya kubonyeza ili nitembee. Nilipita uani. Niliona jiko la mama, mafiga matatu, jembe limeegemezwa ukutani. Niliingia ndani. Alikuwa ametandika mikeka mitatu, na wa kwangu ulikuwa kando ya mlango, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naamka wa kwanza. Sijui nani alimwambia hilo. Moyo ulinijaa, na mimi moyo ukinijaa huwa nakuwa mkali.

Nikamwambia, "Weye mutu muzima, njo kazi yako kucheza na tunyumba?"

Alicheka, akazima kompyuta, akaniletea soda. Sikurudi tena, na kila aliponialika nilikuwa na samaki wa kugeuza.

Mwezi wa kumi na moja, binti yake alikuja kwangu akiwa amevaa kitambaa cheusi cha matanga. Alisalimia vizuri, akakaa chini, akaeleza. Kampuni iliyotengeneza ile gemu ilikuwa imetangaza kuifunga. Kumbe kijiji hakikukaa ndani ya kompyuta ya baba yake. Kilikaa kwenye mashine za kampuni, huko ziliko, na kila alipofungua gemu, kompyuta iliomba ruhusa kwao kwanza. Mwisho wa mwezi wa kwanza mashine hizo zingezimwa. Wanunuzi wa nchi nyingi walikuwa wamelalamika, na kampuni ikakubali kwamba kila mwenye gemu akiifungua kabla ya siku ile, ataweza kupakua alichojenga, kikae kwake, na gemu itafunguka bila kuomba ruhusa kwa mtu. Lakini lazima ifunguliwe na mwenyewe. Neno la siri lilihifadhiwa katika kompyuta ya baba yake, na namba ya kuthibitisha ingetumwa kwenye simu ya baba yake. Vyote viwili vilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya bati.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamjibu kama mfanyabiashara, kwa sababu nilidhani neno hili ni la biashara.

"Mutu akinunua sufuria, muuzaji akifunga duka, sufuria inabakia kwake. Haina vile?"

"Haiko sawa na sufuria, tantine," alisema. "Papa alilipa, lakini kijiji iko kwabo. Siye tunaendaka kuiona na ruhusa yabo tu."

Nilimwambia huo ni wizi, na mwizi hafuatwi kwa kufungua sanduku la marehemu. Nikamwambia asubiri baba zake wadogo wavuke, matanga yamalizwe, kisha kompyuta atapewa mbele ya watu wote na hakuna atakayemgusa. Nilisema hivyo kwa upendo. Nataka ijulikane hivyo, ingawa haisaidii kitu.

Matanga yalipangwa mwezi wa kumi na mbili. Lakini mwezi huo serikali hufunga uvuvi hadi mwisho wa mwezi wa pili, ili samaki wazae, na uvuvi ukifungwa Kashikishi yote hulegea. Huwezi kulisha watu wa matanga bila samaki wala pesa ya samaki. Ndugu zetu wa ng'ambo nao walituma habari kwamba watavuka ziwa likifunguliwa. Basi matanga yakasogezwa hadi mwezi wa tatu. Nilipopata habari hizo nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mchele, na nakumbuka vizuri kwamba nilimfikiria yule binti. Nilimfikiria kidogo, nikaendelea na mchele wangu.

Alirudi baada ya sikukuu ya Noeli akiwa na karatasi. Alikuwa amekwenda kwenye duka la fotokopi na kuchapisha tangazo la kampuni, ili niamini. Lilikuwa la Kiingereza. Kampuni ilianza kwa kuwashukuru wachezaji kwa miaka yote waliyokuwa pamoja, ikaendelea kuwashukuru tena, na shukrani zilipokwisha ndipo ikasema inawanyang'anya. Nilifundisha darasa la pili kambini miaka sita, naweza kusoma Kiingereza cha namna ile. Nilielewa kila neno. Tarehe ilikuwa pale, imekolezwa wino.

Aliniomba nifungue sanduku kwa saa moja tu, mbele yangu, mbele ya mchungaji nikitaka, kisha nilifunge tena. Ni ombi la akili. Ningeweza hata kuwaita ndugu zangu kwa simu, wakasikia. Lakini nilishawaambia watu wote wa ukoo kwamba sanduku halijafunguliwa na halitafunguliwa, na nilikuwa nimeshazoea kusifiwa. Wanawake wa kanisa walikuwa wakinitaja kama mfano. Mtu akizoea sifa za ugumu, kulegea kunamshinda. Nikamwambia hapana.

Mara ya tatu alikuja na mama yake, ikiwa imebaki juma moja. Mama yake, wifi yangu, si mtu wa maneno mengi. Ni Mbemba wa Kafutuma, aliyatii mambo yetu ya ng'ambo miezi yote bila kununa. Alipiga magoti sakafuni pangu. Mvua ilikuwa inanyesha na paa langu linavuja, na mimi nilikuwa na homa, na nilikuwa nimechoka kuombwa kitu kilekile. Sitafuti udhuru. Nasema tu jinsi ilivyokuwa.

Nilimtazama yule binti, nikamwambia, "Sema tu ukweli. Unataka ordinatere, hii kompyuta ya papa yako, juu ya kuiuzisha."

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichoanguka. Mama yake aliinuka, akapangusa magoti, akamshika mkono, wakatoka mvuani. Nilikaa pale nikisikia kwamba nimesema jambo baya, na niliamua kwamba nitalirekebisha baadaye, mambo yakitulia.

Siku ya mwisho wa mwezi wa kwanza ilipita. Nilikuwa Kashikishi siku hiyo, namsaidia mwenzangu kushona nyavu. Sikuikumbuka hata tarehe.

Mwezi wa tatu ziwa lilifunguliwa, mitumbwi ikarudi imejaa, na ndugu zetu watatu walivuka kutoka Pweto. Tulimaliza matanga vizuri. Asubuhi ya kugawa vitu nilileta sanduku uani, nikalifungua mbele ya watu wote, nikatoa kitu kimoja kimoja na kukitaja kwa sauti. Nilijiandaa kupigana. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu mwezi wa tisa, nani akisema hivi nitamjibu vile. Hakuna aliyegombea kitu. Mkubwa wao alichukua viatu, kwa sababu vilimtosha. Mdogo wao alitaka koti moja la ukumbusho. Nilipoinua kompyuta, mmoja aliuliza kama ni televisheni, mwingine akasema, mpe mutoto, sisi tutafanya nini nayo. Ilikwisha kwa dakika chache. Miezi yote ile nilikuwa nalinda mlango ambao hakuna aliyetaka kuuvunja.

Binti aliipokea kwa mikono miwili. Mchana uleule alienda nayo kwenye kibanda, akaichaji, akanunua bando, akafungua. Nilimfuata. Sikualikwa, nilijipeleka mwenyewe, nikasimama nyuma yake. Picha ya gemu ilitokea, yenye milima na jua, na mimi mjinga nilifurahi. Kisha kikatokea kile kiduara kinachozunguka, kikazunguka, kikazunguka. Yakaja maneno ya Kiingereza kwamba huduma haipatikani. Alijaribu tena. Alitoka nayo nje, akaibeba hadi karibu na mnara wa simu, mimi nyuma yake, tukajaribu pale katikati ya wauza mihogo. Kiduara kilizunguka vilevile.

"Bamefuta, tantine," alisema.

Nilimwambia tuandike barua. Maisha yangu yote nimepanga foleni kwenye ofisi, na najua kwamba kila ofisi ina mtu mmoja mwenye huruma, kazi ni kumpata. Nilimwandikisha barua ndefu kuhusu vita, kambi na mdogo wangu. Tulijibiwa siku ileile, kwa haraka ya kushangaza. Walitushukuru kwa kuwasiliana nao. Nilipouliza ni nani huyo aliyeandika, binti alinieleza taratibu kwamba si mtu, ni mashine inayojibu.

Nimewalaani watu wa kampuni ile mara nyingi, na sijaacha. Walichukua pesa ya mtu, wakamwachia afanye kazi miaka saba juu ya ardhi yao, kisha wakafuta. Lakini ninapokuwa mwaminifu kwangu mwenyewe, najua kwamba hata wao walitoa miezi mitatu. Wao hawakumjua mdogo wangu, hawakula naye sahani moja, hawakumbeba mgongoni kuvuka ziwa, na walitoa miezi mitatu. Mimi sikutoa hata saa moja niliyoombwa.

Nilimwomba msamaha pale pale kwenye kibanda. Nilimwambia kwamba nilimkosea mara mbili: kwa kukataa, na kwa lile neno la kuuza. Nililia, mimi ambaye sikulia mazishini kwa sababu nilikuwa nasimamia chakula.

"Nimesikia, tantine," alisema. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumbana aseme.

Mwezi wa tano alipata habari kwa watu wa nchi za mbali, watu wasio na faida yoyote ndani yake, waliokuwa wakiipenda ile gemu na kukataa ife. Walikuwa wametengeneza njia yao ya kuifungua bila kampuni. Walimsaidia kwa maandishi, siku baada ya siku, mpaka ikafunguka. Alituma mtu aniite. Nilikimbia, na nimeshapita umri wa kukimbia. Nilipofika niliona ardhi tupu. Majani tu, mpaka mwisho wa kioo. Alinieleza kwamba gemu yenyewe wanaweza kuifufua, lakini kila kilichojengwa kilikuwa kwenye mashine zilizofutwa.

Sasa anajenga upya. Anapomaliza vichwa vya kusuka, anakaa na kompyuta, na mimi Jumapili nakuja kukaa kwenye benchi walilokaa wale vikongwe. Wawili walikufa kabla ya mdogo wangu. Mmoja alikufa wakati wa mvua zile. Waliobaki hawaoni vizuri tena, au wanasema kila siku jambo jingine. Kwa hiyo ananiuliza mimi. Ameshajenga nyumba yetu, jiko na njia ya mtoni, na kila mahali nimemsaidia kidogo, kidogo kuliko nilivyodhani.

Jumapili iliyopita alifika kwenye kaburi la baba yetu. Nilimwambia aliweke upande wa kulia wa njia, kabla ya kushuka mtoni. Nilisema bila kusita. Ni baba yangu, nilikuwepo siku ile.

"Hapana, tantine. Iko ku-gauche," alisema, akionyesha kushoto. "Papa aliibomoa mara mbili. Ile nkambo wa Mantapala njo alimuonyesha, juu alibakia anaifagia kisha nyiye mulikimbia."

Sikujua kwamba kuna mtu alibaki akilifagia kaburi la baba yangu. Sikujua kwamba mdogo wangu alimpata. Yule bibi ndiye aliyekufa wakati wa mvua, na mahali pengine palipobaki na jibu lake palikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda changu, likinisubiri nilifungue. Nilijaribu kuiona ile njia, kulia kwake na kushoto kwake, siku ya mazishi, mimi na miaka yangu kumi na miwili. Niliona miguu ya watu tu.

Binti alikuwa ananitazama, kidole kiko juu ya kitufe, anasubiri neno langu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Nikamwambia, "Jenga vile unakumbuka weye."